MITI KUMI NA TISA KANDO YA BARABARA
Somo la vikundi: Kwa nini watu maskini hujenga minara ya kumbukumbu?

 

Katika somo hili hatutaongea juu ya mbolea wala kuku wa kienyeji. Tutaongea juu ya sanamu. Tunajua wengine mtacheka. Mtasema, "Kwani hawa wa jarida wamekosa la kuandika? Sanamu ni mambo ya Nairobi, ni ya wakubwa wanaopanda farasi wa shaba. Sisi tunatafuta unga." Tunawaomba mvumilie kidogo. Tutasoma habari za wakulima wa nchi ya mbali, watu wa jembe kama sisi, ambao walisimamisha mnara wao wenyewe kwa mikono yao, na tutaona kazi mnara huo unaifanya.

KUSUDI LA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza kwa maneno yake jinsi wakulima wa Brazil walivyojenga kumbukumbu ya wenzao waliouawa kwa sababu ya ardhi.
2. Kutoa sababu zinazofanya kumbukumbu moja idumu na nyingine ianguke.
3. Kuangalia kikundi chake na kuuliza: sisi tunakumbuka nini, na tumekiweka wapi?

Mwezeshaji asome sehemu moja, kisha asimame watu waongee. Somo hili linaweza kuchukua mikutano miwili.

1. BRAZIL NA SISI

Brazil ni nchi kubwa sana ya Amerika ya Kusini. Huenda mtu akauliza, Brazil inatuhusu nini? Inatuhusu zaidi ya mpira. Wale kati yenu waliopitia mafunzo ya DELTA wanakumbuka jinsi mwezeshaji alivyokuwa akionyesha picha au igizo fupi bila kueleza kitu, kisha anauliza, "Mmeona nini? Jambo hili linatokea kwetu? Kwa nini?" Njia hiyo ya kujifunza ilitokana na mawazo ya mwalimu mmoja wa Brazil aitwaye Paulo Freire. Mwaka 1963 alisimamia mafunzo ya kusoma na kuandika katika mji mdogo wa Angicos, na wanafunzi kama 300 walikuwa watu wa kazi za mikono. Mwaka uliofuata jeshi likachukua serikali, naye akafungwa, kisha akaishi uhamishoni miaka mingi. Mawazo yake yalifika Kenya kupitia makanisa katika miaka ya 1970. Kwa hiyo tunapokaa katika duara na kuulizana maswali, tayari tuna deni kwa wakulima wa Brazil.

Sasa tuangalie ardhi yao. Mwaka 1534 mfalme wa Ureno alianza kuigawa pwani ya Brazil vipande 15 vikubwa na kuwapa watu wachache tu aliowapenda. Watumwa kutoka Afrika ndio waliolima mashamba hayo. Mwaka 1850 ikatoka sheria kwamba ardhi ya serikali itapatikana kwa kununua tu. Kisha mwaka 1888 watumwa wakaachiliwa huru, lakini bila shamba hata moja. Fikirini hesabu hiyo: kwanza mlango wa ardhi unafungwa kwa pesa, halafu asiye na pesa anaambiwa, "Sasa uko huru, nenda."

Ndiyo maana hadi leo kuna mashamba ya Brazil ambayo mtu akiyazunguka kwa gari atatumia siku nzima, na kando yake kuna familia zinazoishi katika mahema ya plastiki nyeusi. Mwaka 1975 Kanisa Katoliki lilianzisha tume ya kichungaji ya ardhi, ambayo kwa Kireno huitwa Comissão Pastoral da Terra, kusimama pamoja na wakulima hao. Mwaka 1984 wakulima wenyewe wakaanzisha chama chao cha watu wasio na ardhi, kinachojulikana kama MST. Na katiba ya mwaka 1988 ikasema kwamba shamba kubwa lisilotumika kwa faida ya jamii serikali inaweza kulichukua, imlipe mwenyewe fidia, na kuwagawia wasio nalo.

Sheria ilikuwa nzuri. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Wakulima walijifunza kwamba wasipoisukuma, inalala kabatini.

Mwezeshaji asimame hapa na kuuliza: Je, kuna sheria nzuri huku kwetu ambayo imelala kabatini? Nani ataiamsha?

2. SIKU YA TAREHE 17 APRILI 1996

Kaskazini mwa Brazil kuna jimbo la Pará, katika msitu mkubwa wa Amazon. Huko familia za wasio na ardhi zilikuwa zinaomba serikali iwape ranchi iitwayo Macaxeira, zikisema haitumiki inavyotakiwa. Waliahidiwa, wakangoja. Waliahidiwa tena, wakangoja tena. Mwishowe watu kama 1,500, wazee, akina mama na watoto, wakaanza kutembea kwa miguu kwenda mji mkuu wa jimbo, Belém, safari ya mamia ya kilomita.

Walipofika karibu na mji mdogo wa Eldorado dos Carajás, walichoka. Wakasimama barabarani mahali ambapo njia inajikunja kama herufi S. Watu wa huko wanapaita Kona ya S. Waliomba chakula na mabasi ya kuwapeleka mbele, na wakafunga barabara hadi wajibiwe.

Jioni ya tarehe 17 Aprili 1996, polisi wa jimbo, 155 kwa jumla, wakaja kutoka pande mbili, kundi moja kutoka Marabá na lingine kutoka Parauapebas. Watu wakawa katikati. Polisi wengi walikuwa wametoa vibandiko vya majina kwenye sare zao. Risasi zikaanza. Wakulima 19 walikufa papo hapo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengine walipigwa risasi kwa karibu sana, na wengine walikatwa kwa vifaa vya shamba, yaani zana zao wenyewe walizobeba. Mmoja wa waliouawa, Oziel Alves Pereira, alikuwa kijana wa miaka 17. Makumi ya wengine walijeruhiwa, na kuna walioishi miaka mingi na risasi mwilini.

Kesi ilichukua miaka. Katika askari wote hao, makamanda wawili tu ndio waliohukumiwa, na walitiwa gerezani kutumikia kifungo hicho mwaka 2012 rufaa zilipokwisha. Hiyo ni miaka 16 baadaye. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile alikuwa tayari anakaribia umri wa Oziel.

Ardhi nayo? Baada ya damu kumwagika, serikali iliichukua ile ranchi ya Macaxeira na kuwagawia. Leo ni makazi ya wakulima, na jina lake ni 17 de Abril, yaani Tarehe 17 Aprili. Kwa hiyo mtoto wa huko akiulizwa anatoka wapi, anajibu kwa kutaja siku ile. Hata jina la kijiji ni mnara.

3. MNARA WA KWANZA ULIVYOANGUKA

Habari za mauaji zilienea dunia nzima. Kulikuwa na mchoraji wa majengo mashuhuri sana Brazil, mzee Oscar Niemeyer, aliyezaliwa mwaka 1907. Yeye ndiye aliyechora majumba ya serikali katika mji mkuu Brasília, uliofunguliwa mwaka 1960. Mzee huyo aliguswa moyo. Akachora mnara wa kuwakumbuka wale 19, na katika mwaka uo huo wa 1996 ukasimamishwa mjini Marabá.

Haukukaa. Muda mfupi baada ya kuzinduliwa ulibomolewa.

Hebu tukae na jambo hilo. Kwa nini mtu ahangaike kubomoa saruji? Saruji haidai shamba. Saruji haipigi kura. Lakini aliyebomoa alielewa kitu ambacho sisi pengine hatujakielewa: kwamba watu wakiendelea kukumbuka, neno halijaisha. Adui wa kumbukumbu anajua thamani yake kuliko mwenye kumbukumbu. Ni kama mtu anayeng'oa mawe ya mpaka usiku. Haibi mawe. Anaiba ushahidi.

4. MNARA WA PILI: MITI ILIYOUNGUA

Walionusurika hawakukata tamaa. Lakini safari hii hawakungoja zawadi kutoka mbali. Walikaa pamoja, wakazungumza, wakaulizana: sisi wenyewe tunataka kusema nini, na tuseme kwa kitu gani? Msanii mmoja mwenye asili ya Uingereza, Dan Baron Cohen, alifanya kazi pamoja nao kama mwezeshaji, siyo kama fundi wa kuwaletea kitu kilichokwisha.

Jibu lilikuwa limesimama malishoni mbele ya macho yao. Katika nchi ile kuna mti mrefu sana uitwao castanheira, ambao hufika hata mita 50. Unazaa njugu kubwa ambazo huuzwa duniani kote, na maskini wa Pará wamekuwa wakizikusanya msituni tangu zamani. Mti huo unalindwa, hauruhusiwi kukatwa ovyo. Basi wenye ranchi wanapochoma msitu kutengeneza malisho, castanheira huachwa imesimama peke yake. Lakini moto umeuchoma, na nyuki wanaouchavusha wamekimbia pamoja na msitu. Unakufa ukiwa wima. Ukipita barabarani unaona magogo meusi yamesimama katikati ya ng'ombe, kama watu waliosahauliwa.

Wakulima wakachukua magogo 19 ya castanheira zilizokufa kwa moto. Wakayasafirisha hadi Kona ya S, mahali penyewe damu ilipomwagika. Mwaka 1999, miaka mitatu baada ya mauaji, wakayasimamisha, kila gogo kwa mtu mmoja. Wakayapanga hivi kwamba ukitazama kutoka juu unaona ramani ya Brazil.

Hakuna shaba. Hakuna mtu juu ya farasi. Mgeni asiyejua anaweza kudhani ni shamba lililoungua. Lakini mwenyeji anaelewa bila kuambiwa: mti ambao sheria iliulinda ukafa, na mtu ambaye sheria ilimlinda akafa, na wote wawili waliuawa kwa ajili ya malisho yale yale. Hatujui mahubiri mengi yanayosema mengi hivyo kwa maneno machache.

Kila Aprili watu hukusanyika hapo. Vijana hupiga kambi, hujifunza, huomba, huimba, husoma majina. Na tarehe 17 Aprili ilikua ikavuka mipaka. Muungano wa wakulima wa dunia, Via Campesina, uliokuwa katika mkutano wake Mexico wakati habari za mauaji zilipofika, uliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya mapambano ya wakulima duniani. Mwaka 2002 Brazil yenyewe ikatunga sheria ya kuitambua kama siku ya kitaifa ya kudai mageuzi ya ardhi.

5. MNARA WA TATU: NA KIWANJA NI CHA NANI?

Tusije tukafikiri kwamba kosa la mnara wa kwanza lilikuwa saruji, au kuchorwa na mtu mashuhuri. Kuna habari nyingine, kutoka kusini mwa Brazil, katika jimbo la Paraná.

Tarehe 2 Mei 2000, wakulima wasio na ardhi walikuwa ndani ya mabasi wakielekea mji wa Curitiba kudai mageuzi ya ardhi. Polisi waliwazuia kwenye barabara kuu karibu na mji wa Campo Largo. Mkulima mmoja, Antônio Tavares Pereira, baba wa watoto watano, alipigwa risasi akafa. Wengi walijeruhiwa. Hakuna aliyeadhibiwa.

Yule mzee Niemeyer, ambaye mnara wake wa kwanza ulikuwa umebomolewa, hakusema, "Nimechoka na hawa." Alichora mwingine. Mwaka 2001 ukasimamishwa kando ya barabara ile, karibu na mahali Tavares alipouawa. Huo ulisimama. Niemeyer mwenyewe alikufa mwaka 2012 akiwa na miaka 104, na mnara bado uko.

Lakini ulikuwa na udhaifu mmoja: kiwanja. Ardhi ulipojengwa haikuwa ya wakulima. Miaka ikapita, na ikafika siku mwenye kiwanja akataka mnara uondolewe. Wakulima na mawakili wao wakaipeleka habari hiyo kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ambako kesi ya kifo cha Tavares ilikuwa inasikilizwa. Mwaka 2021 mahakama hiyo ikaamuru serikali ya Brazil iulinde mnara. Na mwaka 2024 ikatangaza hukumu yake kwamba serikali ya Brazil ilikosa, na ikaagiza mnara ubaki hapo ulipo, chini ya ulinzi.

Jameni, oneni ajabu hiyo. Watu waliokufa wakitafuta ardhi, hata ukumbusho wao ukakosa ardhi ya kusimama! Na kama si watu kufuatilia miaka zaidi ya 20, ungekuwa umeshaondolewa.

6. TUMEJIFUNZA NINI?

Tukiweka minara hiyo mitatu pamoja, tunaona mambo manne ambayo kikundi chochote kinaweza kuyatumia.

Kwanza, mahali. Miti 19 imesimama pale jambo lilipotokea. Mtu akifika anakanyaga udongo ule ule. Kumbukumbu iliyohamishwa mbali hupoteza nguvu.

Pili, mikono. Aliyebeba gogo begani hawezi kusahau gogo. Kitu tulichojengewa tunakiita "ya wafadhili". Kitu tulichojenga tunakiita "yetu", na tunakilinda. Mnajua hivyo kutokana na matangi ya maji: tangi la kikundi likivuja, watu wanakimbia na simiti. Tangi la mradi wa wageni likivuja, tunangoja wageni warudi.

Tatu, mkutano wa kila mwaka. Gogo peke yake ni kuni. Kinachofanya liwe ukumbusho ni watu wanaorudi kila Aprili na kuwafundisha watoto. Siku watu watakapoacha kwenda, nyasi zitaota.

Nne, karatasi. Mnara wa Paraná ulikaribia kuondolewa kwa sababu kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine. Upendo ni mzuri, lakini hati ya shamba nayo ni nzuri.

7. "LAKINI MAWE HAYALIWI"

Sasa tulijibu lile swali la mwanzo. Mama mmoja anaweza kusimama katika kikundi na kusema, "Watoto wangu wamelala njaa, na ninyi mnaongea juu ya magogo." Mama huyo ana haki. Mnara haumpi mtu shamba. Wakulima wa Eldorado wangekuwa na magogo 19 bila shamba la Macaxeira, wangekuwa na huzuni tu.

Lakini tumjibu mama kwa heshima namna hii. Huku kwetu Kenya, baada ya uhuru, watu wengi walipata ardhi kupitia skimu za makazi, na wengine walichanga pesa katika vyama na makampuni ya kununua mashamba. Waliuza mbuzi, waliuza kahawa, wakatoa shilingi kwa shilingi. Wazee hao wanaondoka mmoja mmoja. Mjane anauliza, "Mume wangu alilipa hisa ngapi?" Rejista imepotea. Risiti ilikaa chini ya godoro ikaliwa na mchwa. Aliyekuwa katibu alikufa na daftari lake halikuonekana tena. Na hapo ndipo mtu mjanja anapoingia na karatasi mpya. Mama, kusahau nako kunakula. Kunakula shamba lote.

Kwa hiyo kumbukumbu siyo pambo. Ni ua la shamba. Ile tume ya kanisa kule Brazil ililielewa jambo hili. Tangu mwaka 1985 imekuwa ikitoa kitabu kila mwaka chenye hesabu ya migogoro ya ardhi na watu waliouawa. Mwaka 2005 mtawa mwenye miaka 73, Sista Dorothy Stang, aliyekuwa akifanya kazi na wakulima pamoja na tume hiyo, naye aliuawa kwa risasi huko Anapu, katika jimbo lile lile la Pará. Kazi ya kuandika haikukoma. Daftari nalo ni mnara, ila limelala badala ya kusimama.

8. NA SISI KENYA?

Sisi pia tuna minara ya watu waliopigania ardhi. Mwaka 2007, miaka 50 baada ya Dedan Kimathi kunyongwa, sanamu yake ilizinduliwa katika barabara yenye jina lake jijini Nairobi. Na mwaka 2015 katika bustani ya Uhuru Park ulizinduliwa mnara wa Mau Mau, uliogharimiwa na serikali ya Uingereza baada ya wazee wetu kuishtaki kule London na kufikia makubaliano mwaka 2013. Mkipata nafasi ya kufika Nairobi, nendeni muuangalie. Kuna mpiganaji, na kuna mama anayempa chakula, nao hawatazamani, ili mtu akikamatwa asije akamtaja mwenzake. Tunafurahi kwamba mama yule amewekwa pale. Mara nyingi aliyeshika bunduki hukumbukwa na aliyebeba kikapu husahauliwa.

Lakini tuulize kwa upole: kijijini kwetu je? Kisima kile kilichimbwa na nani? Barabara ya kwenda sokoni ilifunguliwa kwa majembe ya nani? Shule ilianza chini ya mti gani, na nani alitoa kiwanja? Kama tunaomjua ni mheshimiwa aliyekata utepe peke yake, basi ukumbusho wetu uko nusu.

9. NENO LA MUNGU

Fungueni Yoshua sura ya 4. Waisraeli walipovuka Yordani, waliagizwa wachukue mawe kumi na mawili, jiwe moja kwa kila kabila, na kuyasimamisha kule Gilgali. Angalieni mambo mawili. Mawe hayakuchongwa na fundi wala kununuliwa. Yalitoka pale pale miguu ya makuhani iliposimama mtoni. Na sababu iliyotolewa ni watoto: siku moja watauliza maana ya mawe hayo, na wazazi lazima wawe na jibu. Mungu hakuogopa swali la mtoto. Alilitayarishia mahali.

Kisha fungueni 1 Wafalme sura ya 21, habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme alikuwa na ardhi tele, lakini alitaka na ile ndogo ya jirani. Nabothi aliuawa kwa mashahidi wa uongo. Ikaonekana kama imekwisha. Lakini Mungu alimtuma Eliya aende mpaka ndani ya shamba lenyewe, amwambie mfalme ana kwa ana alichokifanya. Nabothi hana mnara wa mawe, lakini habari yake iliandikwa, na sisi tunaisoma leo.

10. MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

Gawanyikeni watu watano watano. Wazee na vijana wachanganyike.

a) Ni sehemu gani ya habari hii imewagusa zaidi? Kwa nini?
b) Mnara wa Marabá ulibomolewa, na mnara wa miti umedumu. Mnadhani ni kwa sababu gani? Je, kuna mradi kwetu uliokufa kwa sababu kama hizo?
c) Ni jambo gani lililotokea katika kijiji chetu ambalo vijana wetu hawalijui? Ni nani bado yuko hai anayelijua vizuri?
d) Kuna mambo ambayo kuyakumbuka hadharani kunaweza kuamsha ugomvi kati ya majirani. Tufanyeje ili kumbukumbu ilete ukweli na upatanisho, isiwe ya kulipiza kisasi?
e) Rejista ya kikundi chetu iko wapi sasa hivi? Nyumba ya katibu ikiungua usiku huu, tutabaki na nini?

Tunawaomba msiliruke swali la d. Katika nchi yetu damu imemwagika kwa ajili ya ardhi kati ya jirani na jirani, na kila upande una majina yake. Mnara unaotaja maiti wa upande mmoja tu ni mbegu ya vita vingine. Ni afadhali kukaa miezi sita mkiongea kabla ya kusimamisha jiwe moja, kuliko kusimamisha jiwe kwa siku moja na kulilia miaka.

11. KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Hatuwaambii mkajenge sanamu. Anzeni na haya madogo.

Moja: Katibu anunue daftari gumu. Aandike majina ya wanachama wote walioanzisha kikundi, waliokufa na walio hai, na mchango wa kila mmoja kama unajulikana. Nakala moja ikae kanisani au kwa mwanachama mwingine.

Mbili: Vijana wawili, mvulana na msichana, wamtembelee mzee au nyanya mmoja na kumsikiliza. Wabebe sukari kidogo, siyo mikono mitupu. Waandike anayosema, au wamrekodi kwa simu akikubali.

Tatu: Kikundi kichague siku moja kwa mwaka ya kukumbuka. Inaweza kuwa siku ya kwanza ya kisima au siku ya kupata hati. Siku hiyo majina yasomwe kwa sauti, watoto wakisikia.

Nne: Kama mnataka kuweka alama, panda mti, weka jiwe, andika majina ukutani. Lakini kwanza hakikisheni kiwanja ni cha nani, na makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi. Kama ni ardhi ya umma, kama shule au soko, ombeni ruhusa kwa maandishi na mtunze jibu.

KUMALIZIA

Kule Kona ya S magari yanapita kila siku. Madereva wengine hawapunguzi mwendo. Lakini hakuna anayeweza kusema hakuona, kwa maana miti 19 mieusi haijifichi. Wale wakulima walikuwa hawana pesa, hawana shaba, hawana mtu serikalini. Walikuwa na magogo yaliyoungua na majina ya wapendwa wao, na ikatosha.

Sisi nasi tuna kitu. Kila kikundi kikitazama vizuri kitaona gogo lake limesimama hapo malishoni, likingoja mtu wa kulibeba. Kikundi kikishafanya kazi hizi, tuandikieni mtuambie mmeona nini. Tutafurahi kuwasomea wengine.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.